Njia ya faili yenye nafasi: alama za kunukuu, jina fupi, njia ya pembeni au kubadili jina?

Shule moja ya sekondari niliyokuwa naisaidia mambo ya kompyuta ilitaka kitu rahisi: kila usiku saa nne, kompyuta ya ofisi ya taaluma inakili matokeo yote kwenda kwenye diski ya nje. Niliandika mstari mmoja kwenye faili la .bat (faili la amri za Windows), nikauweka kwenye ratiba ya Windows, nikaaga. Wiki tatu baadaye mwalimu wa taaluma akanipigia simu. "Fundi, hii diski mbona haina kitu?" Nikamjibu, "Mwalimu, usiiguse, nakuja."

Mstari wenyewe, unaotumia robocopy, programu ya Windows ya kunakili folda, ulikuwa huu:

`robocopy "D:\Matokeo ya Mtihani\" "E:\Nakala" /E`

Utazame. Njia zote mbili, yaani anwani za folda, zimezungushiwa alama za kunukuu, nafasi zote ziko ndani. Hata hivyo, usiku baada ya usiku robocopy iligoma, ikilalamika kwamba haijaonyeshwa mahali pa kupeleka mafaili. Ningekuwa nimejaribu amri ile mara moja tu kwa mkono, mbele ya macho yangu, ningeyaona malalamiko yenyewe. Sikufanya hivyo, na matokeo ya wiki tatu yalikaa bila nakala.

Sisi waandishi wa Kiswahili hatuna namna ya kuikwepa nafasi. Barua ya Mkuu wa Shule, Ripoti ya Mei, Picha za Harusi: kila tukitaja kitu cha mtu au cha mwezi, lazima ile -a ikae peke yake katikati. Folda zetu zimejaa nafasi, na kila anayeanza kuendesha programu kwa amri hukutana na tatizo hili wiki ya kwanza. Zipo njia kadhaa za kulitatua, wala hazilingani. Nitazipima moja baada ya nyingine, katika madirisha ya amri: cmd na PowerShell upande wa Windows, na Bash upande wa Linux.

Kwanza, nani anakata?

Ukiandika amri, lazima mtu fulani aikate vipande: hili ni jina la programu, hii ni hoja ya kwanza (kitu ambacho programu inapewa ikifanyie kazi), hii ya pili. Nafasi ndiyo kisu. Swali ni nani aliyekishika.

Kwenye Linux na Mac, anayekata ni dirisha la amri lenyewe, yaani Bash au zsh. Likimaliza, linaukabidhi mfumo orodha ya hoja zilizokwisha kukatwa, na programu inazipokea zilivyo. Programu haijui kama uliandika alama za kunukuu au la, kwa sababu zimeondolewa kabla haijaamka.

Kwenye Windows mambo yako kinyume. Mfumo unaikabidhi programu mstari mmoja mzima, na programu yenyewe ndiyo inayokata. Nyingi hutumia kanuni za maktaba ya lugha ya C ya Microsoft, ila hakuna anayezilazimisha, na zipo zinazokata kwa mtindo wao. Ndiyo maana alama zilezile za kunukuu zinaweza kufanya kazi kwenye programu moja na kushindwa kwenye nyingine, kompyuta ikiwa ileile.

Kwa kupima, natumia kiskripti hiki cha Python, nimekiita hoja.py:

`import sys`
`for h in sys.argv[1:]:`
`    print("[" + h + "]")`

Kinachapisha kila hoja iliyomfikia, kila moja ndani ya mabano yake. Siku ile shuleni niliiondoa robocopy kwenye mstari, nikaweka `python hoja.py` mahali pake, huku sehemu nyingine zote nikiziacha vilevile. Nilitarajia mistari mitatu. Ukatoka mmoja:

`[D:\Matokeo ya Mtihani" E:\Nakala /E]`

Kanuni za Microsoft zinasema mkwaju wa nyuma (\) ukifuatwa moja kwa moja na alama ya kunukuu, ile alama inakuwa herufi ya kawaida, haifungi tena. Mkwaju wangu wa mwisho, ule niliouweka kwa unadhifu kuonyesha kwamba hii ni folda, uliila alama ya kufunga. Nukuu haikufungwa, na kila kilichofuata kikamezwa ndani ya hoja ya kwanza. Dawa ni kuuondoa mkwaju wa mwisho, `"D:\Matokeo ya Mtihani"`, au kuuandika mara mbili, `"D:\Matokeo ya Mtihani\\"`. Mimi nauondoa. Njia isiyo na mkwaju mwishoni ni rahisi kuikagua kwa macho.

Alama za kunukuu

Hii ndiyo njia ninayoichagua mahali pengi, na kwa Windows kuna sababu nzuri: jina la faili la Windows haliruhusiwi kuwa na alama ya kunukuu ndani yake. Kwa hiyo ukizungushia njia yoyote alama hizo, jina lenyewe haliwezi kukuvunjia nukuu katikati. Linux haina bahati hiyo. Huko jina la faili linaweza kubeba herufi yoyote isipokuwa mkwaju wa kawaida (/) na herufi sifuri (NUL, si tarakimu 0).

Katika cmd, kwa kazi ya kawaida, inatosha:

`"D:\Programu Zetu\hesabu.exe" "D:\Ripoti ya Mei.txt"`

Vikwazo vipo viwili. Cha kwanza ni `start`. Amri hiyo huchukua maneno ya kwanza yaliyo ndani ya nukuu kuwa kichwa cha dirisha jipya. Ukiandika `start "D:\Programu Zetu\hesabu.exe"`, linafunguka dirisha jeusi tupu lenye jina la programu yako juu, na programu yenyewe haipo. Mpe kichwa kitupu kwanza: `start "" "D:\Programu Zetu\hesabu.exe"`.

Cha pili ni `cmd /c`, nacho kimewachosha wengi kwa sababu hakionekani. Ikiwa baada ya `/c` kuna alama za kunukuu zaidi ya mbili, cmd huondoa ya kwanza na ya mwisho kabla ya kuendelea. Mstari wa juu ukiutanguliza kwa `cmd /c`, utaambiwa hakuna amri inayoitwa `D:\Programu`. Unaongeza jozi moja ya nje, ili hiyo ndiyo iondolewe:

`cmd /c ""D:\Programu Zetu\hesabu.exe" "D:\Ripoti ya Mei.txt""`

Inaonekana kama kosa la kuandika, lakini ndiyo sahihi. Wanaotumia `os.system` ya Python kwenye Windows hukutana na jambo hilihili bila kujua, maana amri yao hupitia `cmd /c`.

PowerShell inaziona alama za kunukuu kwa jicho jingine. Kwake, kilichomo ndani ya nukuu ni maandishi, na maandishi yakiandikwa peke yake yanachapishwa tu. Andika `"D:\Programu Zetu\hesabu.exe"`, bonyeza Enter, nayo inakurudishia sentensi yako kama kasuku. Unahitaji alama ya & mbele, maana yake "hili liendeshe":

`& "D:\Programu Zetu\hesabu.exe" "D:\Ripoti ya Mei.txt"`

Kama njia ina alama ya $ ndani yake, tumia nukuu ya mstari mmoja, 'hivi', ili PowerShell isidhani ni kigeu, yaani jina linalobeba thamani. Na uwe macho na `Start-Process`. Hiyo huunganisha hoja zako kwa nafasi bila kuzirudishia nukuu, hivyo `-ArgumentList 'D:\Ripoti ya Mei.txt'` inafika kwenye programu ikiwa vipande vitatu. Inabidi uweke nukuu ndani ya nukuu: `-ArgumentList '"D:\Ripoti ya Mei.txt"'`. Kati ya & na `Start-Process`, chagua &, isipokuwa unahitaji kitu ambacho & haikupi, kama kuendesha programu kwa mamlaka ya msimamizi.

Jambo moja dogo linalopoteza saa nzima: amri iliyopita kwenye Word au kwenye simu mara nyingi hurudi na nukuu zilizopinda, zile za kupendeza za vitabuni. PowerShell inazikubali. Cmd na Bash hazizitambui kabisa. Ukitumiwa amri na mwenzako ikagoma bila sababu, futa nukuu zote uziandike upya kwa kibodi yako.

Bash, na kigeu kisicho na nukuu

Kwa kuandika kwa mkono, Bash ni mpole kuliko wenzake. Unaandika herufi tatu za mwanzo, unabonyeza Tab, nayo inakumalizia kwa mkwaju wa nyuma mbele ya kila nafasi: `Matokeo\ ya\ Mtihani`. Au unazungushia nukuu. Yote mawili ni sawa, na programu haitajua tofauti. Kumbuka tu kwamba ile alama ya ~ haifanyi kazi ndani ya nukuu. `"~/Picha za Harusi"` inatafuta folda inayoitwa ~ kwelikweli. Iache nje: `~/"Picha za Harusi"`.

Hatari iko kwenye skripti. Chukua mfano huu:

`folda="Picha za Zamani"`
`rm -r $folda`

Mstari wa kwanza una nukuu, na mtu anajiona amemaliza. Lakini Bash ikishaweka thamani ya kigeu mahali pake, inakata tena kwa nafasi. Kinachoendeshwa ni `rm -r Picha za Zamani`, yaani futa Picha, futa za, futa Zamani. Kama kando yake kuna folda inayoitwa Picha, yenye picha za miaka yote, imekwenda. Picha za Zamani, iliyokusudiwa kufutwa, ipo salama.

Hili limeshatokea kwa watu wengi kwa siku moja. Novemba 2001, Apple ilitoa iTunes 2.0 ya Mac OS X, na kisakinishi chake kilikuwa na amri ya kufuta toleo la zamani ambayo njia yake haikuzungushiwa nukuu. Waliokuwa na diski yenye nafasi kwenye jina lake walipoteza mafaili yao. Apple iliondoa toleo lile haraka na kutoa 2.0.1. Kilichokosekana ni alama mbili za kunukuu.

Kwa hiyo katika Bash kanuni yangu haina msamaha: kila kigeu ndani ya nukuu, `"$folda"`, hata kile unachoamini hakitakuwa na nafasi kamwe. Ukipokea hoja na kuzipitisha kwa programu nyingine, andika `"$@"`, si `$*`. Ukipita kwenye mafaili, tumia `for f in *.pdf` kisha `"$f"` ndani, wala usipitie matokeo ya `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili. Ukiunganisha `find` (inayotafuta mafaili) na `xargs` (inayoyapitisha kwa amri nyingine), tumia `-print0` na `-0`, ili majina yatenganishwe kwa ile herufi sifuri ambayo haiwezi kuwa ndani ya jina. Programu ya ShellCheck itakuonyesha kila kigeu kilichoachwa uchi. Iendeshe kabla ya skripti yoyote yenye `rm`.

Zsh, ambayo ndiyo inayokuja na Mac tangu 2019, haikati vigeu visivyo na nukuu. Ni nafuu, lakini usiizoee: skripti ileile ukiipeleka kwenye seva yenye Bash, itakata.

Jina fupi

Kabla ya Windows 95, jina la faili kwenye DOS lilikuwa na herufi zisizozidi 8, nukta, na herufi zisizozidi 3. Mwaka 1995 yakaja majina marefu hadi herufi 255, nafasi zikiwemo, na ili programu za zamani zisife njaa, Windows ikawa inatunza jina fupi pembeni. Ndiyo asili ya `C:\PROGRA~1`. Ukiandika `dir /x` utayaona.

Mafundi wengi wa zamani wanalipenda jina fupi kwa sababu halina nafasi na halihitaji nukuu. Mimi silitumii kwenye kitu chochote kitakachobaki. Namba ile ya mwisho inategemea nani alitangulia kuumbwa. Ukiwa na `Matokeo ya Mtihani` na `Matokeo ya Mchujo`, moja ni `MATOKE~1` na nyingine ni `MATOKE~2`. Siku ukihamia diski mpya na folda zikanakiliwa kwa mpangilio mwingine, namba zinabadilishana. Skripti yako itaendelea kufanya kazi bila malalamiko yoyote, kwenye folda isiyo yake. Isitoshe, utunzaji wa majina mafupi unaweza kuzimwa kwa diski nzima, na hapo hayapo kabisa.

Lifae kwa kujaribu kitu mara moja kwa mkono, basi.

Njia ya pembeni

Ipo programu ya zamani, ya uhasibu au ya mashine ya maabara, ambayo inakata mstari kwa namna yake na haielewi nukuu. Hapo usibishane nayo. Itengenezee mlango usio na nafasi:

`mklink /J D:\Mtihani "D:\Matokeo ya Mtihani"`

Kuanzia hapo `D:\Mtihani` inaingia kwenye folda ileile. Haihitaji mamlaka ya msimamizi, na inabaki hata kompyuta ikizimwa. Amri hii ni ya cmd. Ukiwa PowerShell utaambiwa haipo, na badala yake kuna `New-Item -ItemType Junction`. Kwenye Linux ni `ln -s "Matokeo ya Mtihani" mtihani`.

Nimeona watu wakitumia `subst M: "D:\Matokeo ya Mtihani"` kwa kazi hii. Inafaa kwa leo tu. Herufi ile ya M inapotea kompyuta ikiwashwa upya, na huduma zinazoendeshwa na mfumo hazioni herufi uliyoitengeneza wewe, kwa hiyo kazi ya usiku itaanguka.

Kubadili jina

Hili ni jibu la wanaosema "usiweke nafasi tu". Kwa folda mpya ya skripti na programu ninazoziandika mwenyewe, nakubaliana nao: `matokeo_mtihani`, herufi ndogo, kistari cha chini. Ukitumia `make`, chombo cha waandishi wa programu cha kujengea programu, ni karibu lazima, kwa kuwa haijui kushughulikia nafasi kwenye majina.

Lakini mafaili ya wengine usiyaguse. Mwalimu wa taaluma anaitafuta Matokeo ya Mtihani, si `matokeo_mtihani`. Njia za mkato zilizo kwenye kompyuta za walimu wenzake na viungo vilivyo ndani ya majedwali vyote vinalitaja jina la zamani, na vyote vitavunjika. Amri ndiyo ifuate jina ambalo watu wanalitumia.

Huduma za Windows

Sehemu hii naomba isomwe hata na asiyejali mengine. Huduma ya Windows, yaani programu ambayo mfumo huiendesha yenyewe nyuma ya pazia, ikisajiliwa kwa njia isiyo na nukuu, kama `D:\Programu Zetu\hesabu.exe`, mara nyingi itafanya kazi vizuri kwa miaka, kwa sababu mfumo unapopewa njia ya namna hiyo unakisia. Unajaribu kwanza `D:\Programu.exe`. Ikikosekana, unaenda mbele hadi nafasi inayofuata, mpaka unaifikia `D:\Programu Zetu\hesabu.exe`.

Sasa mtu mwenye nia mbaya, au kirusi, akiweka faili linaloitwa `Programu.exe` kwenye D, ambayo ofisi nyingi humruhusu kila mtu kuandika, huduma yako italiendesha hilo. Na huduma nyingi huendeshwa kwa mamlaka makubwa kuliko ya mtumiaji yeyote. Kagua kwa `sc qc` na jina la huduma, tazama mstari wa njia. Kama njia hiyo ina nafasi na haina nukuu, irekebishe katika cmd:

`sc config Hesabu binPath= "\"D:\Programu Zetu\hesabu.exe\""`

Nafasi baada ya alama ya = iache hapo. Hapa mkwaju wa nyuma mbele ya nukuu, uleule ulioniharibia kazi shuleni, ndio unaotakiwa: tunataka nukuu iingie ndani ya thamani yenyewe.

Ukiwa unaandika programu

Hapa ushindani umekwisha mapema. Usijenge mstari wa amri kwa kuunganisha maneno. Toa orodha ya hoja, kama hivi katika Python:

`subprocess.run(["robocopy", r"D:\Matokeo ya Mtihani", r"E:\Nakala", "/E"])`

Kwenye Linux orodha hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye mfumo, hakuna kisu kinachoigusa. Kwenye Windows Python huujenga mstari kwa kanuni za Microsoft, hata ule mkwaju wa mwisho inaushughulikia. Lugha nyingi zina kitu cha namna hii, na ukikipata, nusu ya niliyoandika hapo juu hutaihitaji.

Shuleni sikuhamia Python. Niliuondoa mkwaju mmoja, nikaongeza `/LOG:D:\nakala.txt` ili robocopy iandike ilichofanya kila usiku. Mwalimu wa taaluma nilimwonyesha faili hilo, nikamwonyesha na pa kutazama: karibu na mwisho, idadi ya mafaili yaliyonakiliwa. Huwa analifungua Jumatatu asubuhi kabla ya kengele.